Mgeni na Jembe: Je, Mazingira ya Mji Huu Yanatuhusu?



Kuna neno tunalolisema mara nyingi sisi tuliokuja kuishi katika nchi ya watu: "Hayo ni mambo ya wenyewe." Tunalisema tunapoona wagombea wakibishana kwenye televisheni. Tunalisema tunapoitwa shuleni kuzungumzia bajeti. Tunalisema hasa inapokuja ile barua ya ofisi ya mji, yenye Kiingereza kigumu na herufi ndogondogo, ikieleza kwamba kampuni fulani imeomba kibali cha kujenga ghala, kiwanda au dampo karibu na tunapoishi, na kwamba wakazi wote wanakaribishwa kutoa maoni siku fulani jioni. Tunasoma mistari miwili, tunaiweka pamoja na matangazo ya supamaketi, tunaendelea na kazi zetu.

Wiki hii tungependa tulitazame neno hilo kwa utulivu. Wenyewe ni nani? Mto ni wa nani? Hewa ni ya nani? Na mtu aliyefika juzi, ambaye makaratasi yake bado yanasubiriwa na Kiingereza chake bado kinamkwama kooni, je, ana neno lolote la kusema juu ya hewa ambayo watoto wake wanaivuta?

Swali hili si dogo kwetu. Wengi wetu tulianza maisha hapa Marekani katika nyumba za kodi nafuu, na nyumba za kodi nafuu mara nyingi ziko kando ya barabara kuu, au jirani na maghala ambayo malori huingia na kutoka usiku kucha. Hatukuzichagua kwa sababu ya hewa yake. Tulichagua tulichoweza kulipa. Wapo wazazi kati yetu ambao hawakuwahi kusikia habari za pumu katika ukoo wao, na leo wanatembea na dawa ya kuvuta ya mtoto kwenye mkoba. Hatusemi kwamba kila pumu inatoka kwenye malori. Hilo ni la madaktari. Tunachosema ni kwamba moshi ukiingia dirishani hauulizi mtu ana makaratasi gani.

Mambo matatu yanayotufunga mdomo

Ni vizuri kuzitaja sababu zetu wazi, maana si sababu za kipumbavu.

Ya kwanza ni hofu. Mtu ambaye kesi yake ya hifadhi bado iko mahakamani hataki jina lake lionekane popote. Amefundishwa na maisha kwamba anayeonekana ndiye anayepatikana. Wengine tumetoka mahali ambapo kusimama mbele ya ofisa na kusema "hapana" kulimfanya mtu asirudi nyumbani.

Ya pili ni muda. Mtu anayefanya shifti ya usiku na kuchukua ovataimu ili atume pesa nyumbani, kikao cha saa kumi na mbili jioni kwake ni saa ya kuamka, kuoga na kukimbilia basi.

Ya tatu huwa hatuisemi kwa sauti: tunaona habari za mazingira kama mambo ya watu walioshiba. Mtu mwenye nyumba yake, bima yake na likizo yake, ndiye anayeweza kulilia mti. Sisi tuna kodi ya nyumba ya kulilia.

Sababu hizi tatu tutazirudia moja moja. Lakini kwanza tuone harakati hizi zilianzia kwa nani, maana hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu.

Kiraia bila uraia

Wasomi hutumia maneno "asasi za kiraia." Maneno yenyewe yanatutisha kidogo kwa sababu ndani yake limo neno "raia," na wengi wetu hatujafika huko. Lakini ukiyaeleza kwa lugha ya nyumbani, yanataja kitu tunachokijua vizuri: mambo yote ambayo watu huyafanya pamoja kwa hiari, nje ya familia zao, bila kuamriwa na serikali na bila kutafuta faida ya biashara. Kikoba cha akina mama ni hicho. Chama cha kuzikana ni hicho. Kwaya ni hicho.

Ndugu mmoja akifiwa hapa kwetu, kabla jua halijazama kuna orodha ya michango kwenye WhatsApp, kuna anayepika, kuna mwenye gari anayekwenda uwanja wa ndege, na kuna mweka hazina anayeandika kila dola. Mkongo anamchangia Mkenya, Mrundi anampikia Mtanzania. Hakuna anayeuliza nani ameapa uraia na nani bado. Hiyo ni jamii ya kiraia inayofanya kazi, na imejengwa na watu ambao wengi wao hawapigi kura.

Basi swali la kujiuliza si kama tunaweza kushirikiana. Tunaweza, tena kuliko wengi. Swali ni kwa nini nguvu hiyo inaishia msibani. Kwa nini tunakusanyika haraka namna ile mtu akishakufa, na hatukusanyiki kwa ajili ya maji na hewa vinavyomweka hai?

Harakati za mazingira zilikua pale watu wa kawaida walipoihamisha nguvu hiyo ya msiba na kikoba wakaipeleka kwenye mambo ya wote. Tutataja mifano miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa hapa tulipo.

Wanawake na miche

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Mwaka 1960 alikuja Marekani kusoma. Alisoma biolojia huko Atchison, Kansas, kisha akapata shahada ya pili Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma ambao miaka ile ulikuwa ukihangaika kuisafisha hewa yake. Kwa hiyo naye alikuwa mgeni katika nchi hii kabla yetu. Aliporudi nyumbani aliendelea na masomo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa.

Lakini kazi iliyomtambulisha haikuanzia maabara. Ilianza kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini, kupitia Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Akina mama wale hawakuja na hotuba kuhusu mazingira. Walisema kuni ziko mbali, maji si safi, chakula hakitoshi. Wangari aliona kwamba shida hizo zote zina mzizi mmoja: ardhi imevuliwa miti yake. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kati ya ile saba, mingi haikudumu. Iliyodumu ni harakati yenyewe, Green Belt Movement.

Akina mama walianzisha vitalu, wakaotesha mbegu, wakapanda. Kwa kila mche ulioshika walilipwa senti chache. Wapo wataalamu waliosema kwamba kupanda miti ni kazi ya waliosomea misitu. Wanawake hawakubishana nao. Walijua kupanda mahindi na maharage tangu utotoni, wakapanda na miti. Kufikia mwaka 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, harakati hiyo ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30.

Sasa tuangalie jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Kwa nini serikali ya wakati ule iliwaogopa wanawake wenye miche? Mti haumpigi mtu. Ni kwa sababu mtu akishaulea mche wake mwenyewe, siku moja atauliza nani aliukata msitu. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa kawaida wa Nairobi huenda kupumzika Jumapili. Wangari aliandika barua za kupinga. Alitukanwa bungeni, na ofisi za harakati yake zikaondolewa kwenye jengo la serikali. Hata hivyo waliokuwa watoe fedha walirudi nyuma, na jengo halikujengwa.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1992, akina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park, hapo hapo, wakafunga kula ili kudai watoto wao waachiliwe. Wangari alikuwa pamoja nao. Polisi waliwapiga na kuwatawanya, na akina mama wakapata hifadhi katika kanisa la Kianglikana la All Saints Cathedral. Walikaa humo karibu mwaka mzima, mpaka mapema mwaka 1993, ambapo karibu watoto wao wote walikuwa wameachiliwa.

Tulifikirie jambo hili kidogo. Bustani iliyookolewa kwa ajili ya miti na nyasi ndiyo iliyokuwa mahali pa akina mama kusimama na kulia mbele ya taifa. Kama lingekuwa limejengwa lile jengo, wangesimama wapi? Hapo tunaona nafasi ya harakati za mazingira katika jamii. Zinalinda mahali pa wote, na mahali pa wote pakilindwa, watu wanapata pa kukutania na kusemea mengine pia. Baadaye katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliandika, katika ibara ya 42, kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Imesema kila mtu, haikusema kila mwenye shamba. Na ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuidai haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara.

Watu waliolala mbele ya malori

Mfano wa pili ni wa hapa Marekani. Tarehe 22 Aprili 1970, siku ya kwanza ya Dunia, watu wapatao milioni 20 walitoka mitaani na kwenye vyuo kudai hewa safi na maji safi. Mwaka huohuo serikali iliunda wakala wa taifa wa kulinda mazingira, na sheria kubwa za hewa na maji zikafuata. Tunapofungua bomba leo na kunywa bila kuchemsha, katika miji mingi ya nchi hii, tunakunywa sehemu ya matunda ya watu wale.

Lakini matunda hayo hayakugawanywa sawa. Mwaka 1978 watu wasio na uadilifu walimwaga kwa siri galoni kama 31,000 za mafuta yenye sumu ya PCB kando ya barabara za North Carolina, kwa urefu wa maili zipatazo 240. Serikali ya jimbo ilihitaji mahali pa kuuzika udongo ule wenye sumu. Ikachagua Warren County, eneo maskini ambalo wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi.

Malori yalipoanza kuleta udongo mwezi Septemba 1982, wakazi walikusanyika katika kanisa la Coley Springs Baptist, wakaandamana kuelekea dampo, na baadhi yao wakalala barabarani mbele ya malori. Katika wiki chache zilizofuata walikamatwa watu zaidi ya 500. Walishindwa. Udongo ulizikwa palepale, na miaka kama 20 ilipita kabla ya mahali pale kusafishwa.

Je, walilala bure? Mwaka 1987 tume ya haki ya kanisa la United Church of Christ ilitoa utafiti wa nchi nzima kuhusu mahali yalipowekwa madampo ya taka zenye sumu. Ulionyesha kwamba rangi ya wakazi ndiyo iliyotabiri zaidi kuliko mambo mengine mahali taka hizo zitakapowekwa, hata kuliko kipato chao. Ndipo watu wengi wakaanza kusema juu ya haki ya mazingira, yaani kwamba hewa chafu ina anwani, na anwani hiyo haikutokea kwa bahati. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitia saini amri ya kuzitaka idara za serikali kuu ziangalie jambo hilo katika kazi zao. Mwaka 2025 amri hiyo ilifutwa na Rais Donald Trump. Tunalitaja hili bila kumpigia debe mtu wala chama. Tunalitaja kwa sababu linafundisha kwamba kinachopatikana kwa sauti za watu hakijilindi chenyewe. Ni kama mche: usipoangaliwa, hukauka.

Turudi sasa kwenye ile sababu yetu ya tatu, kwamba mazingira ni mambo ya walioshiba. Wanawake wa vijiji vya Kenya hawakuwa wameshiba. Waumini wa Warren County hawakuwa wameshiba. Wote walikuwa watu ambao wakubwa wa nchi zao wenyewe waliwaona kama wageni, watu ambao maoni yao hayakuhitajika. Harakati hizi zilipata nguvu na ukweli zilipofika mikononi mwa watu kama sisi.

Mti au mtu?

Hata hivyo hatutakuwa waaminifu tukisema kila linalofanywa kwa jina la mazingira ni jema. Wapo kati yetu wanaojua vinginevyo.

Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishwa kwenda Ngorongoro ili hifadhi ibaki kwa wanyama. Watu waliokuwa wameishi na wanyama wale kwa vizazi waliambiwa kwamba wao ndio hatari kwa wanyama. Na ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wanaijua hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa na wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1925. Walinzi wengi wa hifadhi hiyo wameuawa wakiilinda. Wakati huohuo, mama wa Goma anapika kwa makala, na makala mengi yametoka kwenye miti ya hifadhi. Mama huyo hauchukii msitu. Anataka watoto wale. Ukimwambia aache makala usimpe kitu kingine cha kuwasha chini ya sufuria, unamwambia watoto walale njaa ili mti ulale salama.

Kwa hiyo upo mtihani ambao kila harakati ya mazingira inapaswa kupimwa nao: gharama inalipwa na nani? Kama hewa ya wenye nacho inasafishwa kwa kuhamishia moshi kwa wasio nacho, hiyo si haki. Kama msitu unahifadhiwa kwa kumfukuza aliyeishi ndani yake, hiyo si haki. Wangari alifaulu mtihani huo kwa sababu alianza na kuni, maji na chakula cha akina mama, na miti ikafuata. Mtu na mti havikuwekwa kwenye mizani kushindana.

Na hii ni sababu moja zaidi kwa nini hatupaswi kukaa mbali. Tukikaa mbali, meza itajaa watu wasiojua makala ni nini. Anayejua bei ya kupika ndiye anayefaa kuwapo panapoamuliwa habari za moshi.

Siku ya tatu

Tunarudi kwenye ugeni wetu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaichukua methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Tuiangalie upande wa pili. Jembe ni mzigo, lakini ni heshima pia. Anayepewa jembe ameaminiwa shamba. Ameambiwa: sasa kinachoota hapa kinakuhusu, na kikikauka, utaulizwa. Mgeni ambaye hapewi jembe hata baada ya miaka kumi hajawa mwenyeji. Amebaki mpita njia anayelishwa. Na wahenga haohao walisema tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna uponyaji ambao mwenyeji hawezi kuupata mpaka mgeni aje na kile alichonacho.

Watu wa kanisa tunakumbuka barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia mateka waliopelekwa Babeli. Hawakuupenda mji ule, wala hawakwenda kwa hiari. Lakini aliwaagiza wajenge, wapande bustani, wale matunda yake, na wautakie mji ule amani, kwa kuwa amani yao wao ilikuwa imefungwa ndani ya amani ya mji. Hawakuambiwa wangoje mpaka wapate uraia wa Babeli.

Wengine kati yetu tulikuwa wageni kabla ya kuwa wageni hapa. Tuliishi Nyarugusu kule Kigoma, au Kakuma kule Turkana. Tunakumbuka jinsi kuni zilivyozidi kuwa mbali mwaka baada ya mwaka, na ugomvi uliotokea kati ya wakimbizi na wanakijiji. Wenyeji walikuwa na haki ya kulalamika kwa ajili ya miti yao, na mkimbizi alikuwa na haki ya kupika. Haki mbili ziligongana porini, kwenye njia ya kuni, mahali ambapo hakuna wa kuamua, na mara nyingi mwanamke au msichana ndiye aliyeumia. Kilichokosekana ni mahali pa kuketi pamoja mapema, kabla mti wa mwisho haujakatwa. Hapa tulipo mahali hapo papo. Ndicho kile kikao tunachoalikwa kwa barua.

Wapo watakaosema kwamba dunia hii inapita, na sisi ni wapitaji. Ni kweli. Lakini anayepanga nyumba anajua kwamba siku moja atahama, wala hiyo haimpi ruhusa ya kuvunja madirisha. Tena mpangaji mwema huacha nyumba ikiwa safi kwa ajili ya anayekuja baada yake, hata kama hatamjua kamwe.

Kila mtu na jembe lake

Sasa, vipi kuhusu hofu na muda, zile sababu mbili za kwanza? Hatuwezi kuzifuta kwa maneno matamu.

Kwa habari ya hofu, tuseme wazi: hatumtaki mtu yeyote mwenye kesi ya uhamiaji aende kulala mbele ya lori. Kukamatwa kwa raia ni usiku mmoja. Kwa asiye raia kunaweza kuwa mwisho wa safari yote. Mwenye mashaka amwulize wakili wake kwanza, na mtu asimhukumu nduguye kwa kukaa nyuma. Katika shamba moja yuko anayekata magogo, yuko anayepalilia, na yuko anayeleta maji. Warren County walikuwapo waliolala barabarani, na lilikuwapo kanisa lililofungua milango.

Lakini neno hili lina upande mwingine. Ndugu aliyekwisha kuapa uraia hawezi kujificha nyuma ya hofu ya nduguye ambaye hajaapa. Yeye ana deni kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kusema pasipo kutetemeka. Usalama tuliopewa haukuwa wa kufungia sandukuni. Mwenye makaratasi aseme kwa ajili ya asiye nayo, maana wanavuta hewa moja.

Kwa habari ya muda, tufanye kama tunavyofanya msibani: tugawane. Haihitajiki kila mtu aende kwenye kikao. Barua ikija, asiitupe mtu. Aipige picha na kuituma kwenye kundi la kanisa. Vijana wetu wanaosoma Kiingereza vizuri kuliko sisi watueleze imeandika nini. Mmoja aandike maoni kwa niaba ya wale watakaokubali majina yao yatajwe. Mara nyingi maoni hupokelewa kwa posta au kwa intaneti, na mtoa maoni haombwi kuonyesha kwamba ni raia. Wawili waende kuketi na kusikiliza, hata wasiposema neno. Waombe mkalimani wa Kiswahili kama wanamhitaji. Diwani anayeona sura mpya kwenye viti vya nyuma huuliza ni akina nani.

Na akina mama na akina baba waliolima maisha yao yote, ambao hapa wanajiona hawana kazi kwa sababu hawakusoma, wajue kwamba wana elimu ambayo mji huu unaihitaji. Wanajua udongo. Wanajua mche unaotaka maji na usiotaka. Sehemu nyingi za nchi hii zina bustani za jamii ambapo jirani hulima kando ya jirani, na hapo mchicha na majani ya maboga vimewafungulia watu mazungumzo ambayo Kiingereza kilishindwa kuyafungua. Wanawake wa Kenya nao waliambiwa hawana diploma.

Hatuahidi ushindi. Katika mifano yetu miwili, mmoja jengo halikujengwa, na mwingine sumu ilizikwa. Lakini katika yote miwili watu walitoka wakiwa tofauti na walivyoingia. Walikuwa wakazi waliokaa mahali. Wakawa majirani wanaoulizana hali ya mahali. Watoto wao waliwaona wakisimama. Na watoto wetu pia wanatutazama. Wengi wao wamezaliwa hapa, na kwao mji huu si ugenini. Wakituona tukisema kila siku "hayo ni mambo ya wenyewe," watajiuliza wao ni watoto wa nani: wa wenyewe, au wa wapita njia?

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi vya juma hili:

1. Je, ni kitu gani karibu na nyumba yetu, hewa, maji, kelele au taka, ambacho tumekizoea ingawa kinatuumiza? Ni nani mwingine anaumizwa nacho?

2. Wazee wawaeleze vijana: kule tulikotoka, kisima au msitu wa wote ulitunzwaje, na aliyevunja taratibu alifanywa nini?

3. Katika familia yetu, nani anaweza kusema bila hofu, na nani anahitaji kusemewa?

Bwana awabariki na kuwalinda, na aupe mji huu amani, maana ndani ya amani yake imo na yetu.